Mijusi wa Ukuta wa Mashariki

Katibu wa idara ameniomba niandike kurasa chache juu ya "safari yangu ya kitaaluma", ziwafae walimu wapya. Sikusafiri kokote. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikaa kwenye kigoda nyuma ya jengo la maabara, nikiwaangalia mijusi wakipanda na kushuka ukutani, na kila mwaka nikawalazimisha vijana wa mwaka wa pili wakae pamoja nami. Vyeo vyangu vimo kwenye faili. Anayevitaka akavisome huko, kama panya hawajamtangulia. Mimi nitaandika kazi.

Nilifika Morogoro kutoka Mbinga nikiwa na shahada ya pili, miwani mipya, na maelezo ya mhadhara niliyoyanakili neno kwa neno kutoka kwa mwalimu wangu, ambaye naye aliyanakili kwa wake. Somo nililopewa lilikuwa mageuko ya viumbe. Siku ya kwanza, kabla sijamaliza dakika kumi, kijana mmoja wa mstari wa mbele aliinua mkono.

"Madam, kama binadamu alitokana na nyani, mbona nyani wa Mikumi bado wapo barabarani wanaokota maganda ya ndizi?"

Ukumbi ukacheka. Nilimjibu kwa dakika arobaini. Nilichora matawi, nikachora mababu, nikaishiwa chaki. Walitoka pale wakiwa vilevile walivyoingia, ila na njaa. Swali lile nililisikia kila mwaka mpaka nastaafu. Waulizaji wengine walikuja na Biblia, wengine na Kurani, na wengi walikuja bila kitabu chochote, hata cha kwangu.

Nyuma kabisa ya ukumbi alikuwa amekaa mtu wa makamo mwenye koti la kaki, akisubiri nimalize ili afute ubao. Huyo alikuwa Mzee Mkude, mhudumu wa maabara, mwenyeji wa Bigwa. Alikuwa na elimu ya darasa la saba, kikopo cha ugoro mfukoni na hasira za karibu. Hakupenda vikao, hakupenda barua, na hakumwazima mtu ndoo yake. Wanafunzi walipokwisha kutoka, aliniuliza:

"Binti, umesema sana. Yupo mnyama hata mmoja uliyewaonyesha?"

Nikamwambia somo langu ni la nadharia.

"Haya," alisema. "Njoo nyuma huku uione nadharia inavyopiga pushapu."

Alinipeleka kwenye ukuta wa mashariki, ule unaopata jua la kwanza likishatoka nyuma ya mlima. Ukutani palikuwa na mjusi mkubwa mwenye kichwa cha buluu, anainua kifua na kukishusha, anainua na kukishusha, kama askari aliyeadhibiwa. Kando yake walikuwepo majike watatu wa rangi ya vumbi, hawana habari naye.

"Huyu ndiye mwenye ukuta," Mzee Mkude alisema. "Jana kampiga mwenzake. Mwenzake yuko kwenye ule mwarobaini, anajifikiria."

"Umejuaje?"

"Nimekaa."

Nilidhani ananitania, kumbe ndiyo mbinu yote ya utafiti. Mengine aliyonifundisha yalikuwa ya kuisaidia hiyo. Andika kwa penseli, kwa sababu wino haupatani na manyunyu ya Uluguru. Vaa kofia ileile kila siku, mjusi asikuone mgeni. Kaa mahali ambapo kivuli chako hakitapanda ukutani. Ukitaka kumshika, funga kitanzi cha mshipi kwenye ncha ya mwanzi, usimkimbize kama mwendawazimu. Ukishamshika, mtie nukta ya rangi ya kucha mgongoni, ili kesho umtambue. Rangi hizo alizinunua mwenyewe sokoni, nyekundu, nyeupe na zambarau, na mwenye duka aliamini mpaka mwisho kwamba mzee ana mwanamke wa siri mwenye vidole mia.

Muhula wa pili niliyatupa maelezo ya kunakili. Wiki ya kwanza sikulitamka neno mageuko. Niliwapeleka wanafunzi ukutani nikawauliza maswali ya kijinga. Kwa nini mnyama anayeliwa na mwewe ajipake buluu kichwani? Anapopiga pushapu anamwambia nani, na anamwambia nini? Wangapi walishindwa asubuhi hii, na watapata watoto wapi? Ilipofika wiki ya sita walikuwa wakibishana wenyewe juu ya nani anarithisha nini, na yule wa swali la nyani mara nyingi alikuwa kimya. Hakuwa ameamini. Alikuwa ameona tu kwamba yapo maswali makubwa kuliko lake.

Mwanafunzi mmoja, mtoto wa shehe, aliniambia mbele ya wenzake, "Madam, mimi najua Mungu ndiye aliyeumba. Lakini anachofanya huyu mjusi nimekiona kwa macho yangu." Nilimpa A. Kuna mwenzangu aliyelalamika kwamba nampa alama mtu asiyekubali somo. Nilimjibu kwamba sikuajiriwa kukagua mioyo, niliajiriwa kukagua madaftari.

Katika miaka hiyo walituletea pia warsha. Moja ilihusu mbinu shirikishi. Tuliketi siku mbili gizani tukitazama maandishi ya projekta, bila kuruhusiwa kuuliza, tukifundishwa kwamba mwanafunzi asiketi tu akitazama. Tulipewa vyeti. Changu Mzee Mkude alifungia ugoro.

Sasa nieleze kesi ngumu kuliko zote. Nasema mapema, msije mkadhani ina shujaa, na kama yupo si mimi.

Ilinikuta nikiwa nimeshazoea sifa. Wanafunzi walikuwa wameongezeka mpaka wengine wanasikiliza mhadhara dirishani, na mimi nikapata kisingizio nilichokuwa nakitafuta: kazi nyingi. Asubuhi nilibaki ofisini. Zoezi lilikuwa lilelile: kila mwanafunzi akae ukutani asubuhi kumi, tangu saa moja mpaka saa tano, aandike dume gani linajionyesha, lipi linapigana, lipi linapanda jike. Mimi nilingoja madaftari mezani.

Mwaka huo mwenye ukuta alikuwa dume kubwa la nukta nyekundu ambalo wanafunzi walilibatiza Mwenyekiti. Ripoti iliyonivutia ilikuwa ya kijana aliyeitwa Deogratias. Shati limechomekwa, Kiingereza kimenyooka, michoro ina rangi nne. Kwa mujibu wake, Mwenyekiti alishinda mapigano yote na kupanda majike wote, sawasawa na vitabu visemavyo. Nilimpa A, na siku hiyohiyo nikamwandikia Mkuu wa Idara kwamba kijana huyu anafaa kubakishwa kama msaidizi wa mhadhiri.

Chini ya ripoti yake lilikuwepo daftari la msichana aliyeitwa Zuhura, mtoto wa Kinole, huko mlimani. Kurasa zilikuwa zimejikunja kwa unyevu. Siku mbili kati ya kumi zilikuwa karibu tupu. Mwishoni alikuwa ameandika kwa mwandiko mdogo kwamba Mwenyekiti alikuwa na shughuli nyingi ukutani, na wakati huo majike wake wengi walipandwa na dume kijana la rangi ya kahawia, nyuma ya tangi la maji.

Nilicheka peke yangu. Dume kijana halina buluu bado; kwa mbali linafanana kabisa na jike. Nikachukua kalamu nyekundu: "Huyo ni jike. Jifunze kuangalia." Nikampa D. Kwa kuwa tayari alikuwa na sapu mbili, mitihani ya kurudia, D yangu ilimaanisha disko, yaani kuondolewa chuoni. Afungashe, arudi Kinole.

Matokeo yalipobandikwa alikuja ofisini. Alisimama mlangoni, pindo la baibui lake lina tope kavu.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Una shida gani?"

"Umeandika kwamba yule ni jike. Nilimshika, nikamgeuza. Ana ule mstari wa vitundu karibu na mkia, ambao Mzee Mkude alituonyesha. Ni dume."

"Wenzako wote hawakumwona?"

"Sijui, Madam. Mimi sikuwaona wenzangu."

Mtu mwenye akili angeisimamisha sentensi hiyo na kuiuliza imetoka wapi. Mimi niliona ananijibu ovyo. Nikamwambia akitoka afunge mlango.

Aliufunga taratibu, akaenda kwa Mzee Mkude. Hakumlilia, mzee aliniambia baadaye. Alimuuliza tu kama kuna mjusi mwingine mwenye vitundu vile asiye dume. Saa hiyohiyo Mzee Mkude aliingia kwangu bila kubisha hodi. Kwapani alikuwa na daftari lake la mvua, kwa maana yeye ndiye aliyesoma kipimo cha mvua cha idara kila asubuhi tangu sijafika chuoni. Alilitupa mezani.

"Nipe la yule kijana wa michoro. Na la huyu binti. Soma Alhamisi ya pili."

Nilianza na la Deogratias. "Saa mbili na dakika kumi, Mwenyekiti anapigana na Nukta Nyeupe. Saa mbili na nusu, Mwenyekiti anapanda jike la kwanza."

"Soma langu."

"Mvua tangu alfajiri. Wingu limeshuka mpaka kwenye mapaa. Jua halikuonekana mpaka mchana."

"La binti."

Zuhura alikuwa ameandika mistari miwili. "Mvua. Hakuna mjusi. Nimekaa mpaka saa tano."

Hiyo ndiyo iliyokuwa moja ya zile siku tupu nilizomkata alama. Mjusi hupata joto lake juani. Mvua ikinyesha hujikunyata kwenye ufa hata umchokonoe kwa kijiti. Nililifundisha jambo hilo kila mwaka. Nikalivuta rundo lote la madaftari nikaanza kufungua Alhamisi ya pili. Katika kila madaftari matatu, mawili yalikuwa na mijusi wanaopigana, wanaopandana na kufukuzana chini ya mvua kubwa, na dakika zimeandikwa.

"Mjusi wa mvua huyo si mjusi, ni samaki," Mzee Mkude alisema. Akachukua daftari lake akatoka.

Kesho yake nilibeba kigoda changu. Kulikuwa na wingu. Siku iliyofuata pia. Siku ya tatu jua likatoka, Mwenyekiti akapanda juu ya ukuta akaanza vishindo vyake: kifua juu, kifua chini, buluu tupu. Dume la nukta nyeupe likajitokeza, wakakabiliana. Wakati huo kitu cha rangi ya kahawia kikateremka kando, kikapita nyuma ya tangi, jike mmoja akiwa pale, na shughuli ikaisha upesi kuliko mtu anavyochonga penseli. Mwenyekiti akashinda pambano lake. Akapiga pushapu za ushindi. Nilimtazama kwa huruma kwanza, kisha nikakumbuka ofisi yangu, barua yangu ya kumsifu Deogratias, na kalamu yangu nyekundu, nikaona huruma ile niipeleke kwingine.

Nilikwenda kwa Mkuu wa Idara. Alinisikiliza akiwa anapanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika.

"Dokta, matokeo yameshapita kwenye bodi. Tukifungua hili tutalazimika kufungua yote."

"Ndicho nilichokuja kuomba."

"Na huyu kijana umempendekeza mwenyewe, kwa maandishi."

"Basi tuanzie hapo."

Akaniomba nitumie busara. Ninyi vijana mtaambiwa neno hili mara nyingi, kwa hiyo lijueni. Busara ni hekima mtu anapoitumia juu ya nafsi yake. Akikuomba wewe uitumie, kwa kawaida ni woga uliovaa tai.

Ikaundwa kamati. Waliketi watu saba na birika mbili za chai. Deogratias alisimama akasema vizuri sana kwamba huenda palitokea mkanganyiko wa siku. Wenzake wakasema nao walikanganyika, wote kwa siku ileile. Kisha akaitwa Mzee Mkude na daftari lake la mvua. Mjumbe mmoja mnene, ambaye tangu tuanze alikuwa hajauliza swali, akamuuliza elimu yake.

"Darasa la saba, mheshimiwa."

Mjumbe akatabasamu akiwatazama wenziwe. "Sasa mzee, tutegemee vipimo vya darasa la saba tumhukumu mwanachuo?"

"Mheshimiwa," Mzee Mkude alisema, "mimi nina darasa la saba. Chupa yangu ya kupimia mvua haijafika hata chekechea. Lakini siku ile ilikuwa na maji."

Hakuna aliyecheka kwa sauti, ila birika moja ilizungushwa bila sababu. Zuhura alipoitwa aliulizwa kama ana lolote la kuongeza. Alisema hana, yote yamo daftarini. Ndipo mama mmoja wa kitivo kingine, mdogo kuliko wote mezani, akanigeukia mimi akaniuliza swali pekee la maana siku hiyo.

"Dokta, na wewe asubuhi hizo ulikuwa wapi?"

Nilikuwa na majibu mengi. Wingi wa wanafunzi, vikao, mitihani. "Ofisini," nilisema. "Muhula ule sikwenda ukutani hata siku moja. Nilimwita mwongo mtu aliyekuwepo, nikamsifu ambaye hakuwepo."

Zuhura alirudishiwa alama zake. Waliopika data walirudia zoezi, wakiwa wamekaa juani kweli, wakinichukia. Deogratias alipewa barua ya onyo. Nami nilipewa barua ya onyo. Zilichapwa siku moja na mtu mmoja. Zilitofautiana jina tu.

Wiki hiyo nilimwita Zuhura. Nilimkaribisha kiti, akasema atasimama. Nilianza kueleza ugumu wa kusahihisha madaftari mengi, nikajisikia ninavyosikika, nikaacha.

"Nimekukosea," nilisema. "Naomba unisamehe."

"Nimekusikia, Madam."

Hakusema amenisamehe, na mimi si mtu wa kuandika asichokisikia. Nikamwambia nafasi ile ya msaidizi wa mhadhiri iko wazi, na safari hii najua ninampendekeza nani.

"Nashukuru. Nikimaliza nitakwenda kufundisha sekondari, huko nyumbani."

"Kwa nini? Wewe una jicho. Watu kama wewe ndio tunaowahitaji hapa."

"Hapa watu wako ofisini, Madam," alisema, bila ukali wowote, kana kwamba ananitajia hali ya hewa.

Tangu siku hiyo nilibeba kigoda changu kila asubuhi ya zoezi mpaka nastaafu. Msinisifu. Mtu aliyekwishaungua hasifiwi kwa kuogopa moto. Mzee Mkude alistaafu mwaka uliofuata, akaishi Bigwa akifuga sungura na kugombana na majirani, na nilikuwepo siku tunamzika. Idara ilituma mwakilishi, ambaye alisoma salamu za rambirambi akalikosea jina la marehemu mara mbili. Deogratias alihitimu, akaenda Dar es Salaam, akastawi. Nasikia siku hizi anaendesha mafunzo kwa watafiti chipukizi juu ya ukusanyaji wa takwimu sahihi. Sijashangaa. Nyuma ya tangi daima kuna nafasi.

Walipoandaa hafla ya kuniaga walinipa saa kubwa ya ukutani, zawadi ya busara kwa mtu asiye tena na mahali pa kuwahi. Hotuba zilikuwa nne, na katika zote niliitwa nguzo. Nilikuwa nimemwalika Zuhura. Alinijibu kwa ujumbe mfupi: "Samahani Madam, Ijumaa nina kidato cha tatu nje." Ni udhuru pekee uliowahi kunifurahisha katika utumishi wangu wote.

Basi wiki iliyofuata nilipanda mwenyewe mpaka shuleni kwake. Barabara ya huko ni ya kumkumbusha mstaafu magoti yake. Nilikuta darasa tupu. Wanafunzi walikuwa wametawanyika uwanjani na pembezoni mwa migomba, kila mmoja amekaa peke yake na daftari, kila mmoja anamwangalia kuku wake. Zuhura alikuwa akipita katikati yao. Sasa ni mama wa watoto wawili, amenenepa kidogo, na sauti imeshuka. Aliponiona alikuja, akaniamkia, nikaitikia. Sikujua niendelee na nini. Yeye alijua. Alinipa daftari la mazoezi na penseli, akanionyesha jiwe karibu na jiko la shule.

"Kuna majogoo wawili pale, hawana mtu. Karibu, Madam. Tunamaliza saa tano."

Nikakaa. Niliandika kwa saa nzima na zaidi, na sitaficha kwamba niliandika kwa kujionyesha. Mwishoni nikaweka kwamba jogoo mwekundu amemwonea wivu mweupe, akamtoa kwenye kivuli.

Zuhura alifika kwangu akiwa ameshawapitia wote. Alisimama akasoma ukurasa wangu tangu juu. Alichuchumaa kando yangu, akalikunja baibui magotini, akawaangalia wale majogoo. Aliwaangalia kwa muda mrefu, mpaka mwekundu akamfukuza mweupe tena, mweupe akarudi, mwekundu akamfukuza mara ya tatu. Ndipo akatoa kalamu nyekundu mfukoni, akakata neno "wivu".

"Amemtoa kivulini, hilo nimeliona," alisema. "Wivu sijauona."

Akaenda kwa mwanafunzi aliyefuata. Nami nikachonga penseli, kwa maana saa tano ilikuwa bado.